Chungu cha Unguja Juu ya Jiko la Sharqiyah

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya jiko, nami nimekubali kwa moyo mmoja, kwani jikoni ndiko nilikoipitishia sehemu kubwa ya umri wangu. Sitaandika juu ya vyakula vya karamu, maana hivyo kila mtu anavijua na kila mtu ana lake la kusema. Nitaandika juu ya chakula cha kila siku na mambo madogo madogo ya nyumba, yale ambayo sisi tuliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na bara tulijifunza hapa kidogo kidogo, kwa sababu maji ya hapa si yale, hewa si ile, na nazi haianguki uani.

Sina haja ya kurefusha historia. Wazee wetu wa Sharqiyah walivuka bahari kwa vizazi vingi, na tangu Mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya 1970 alipotawala Sultani Qaboos na kuwaita Waomani warudi, wengi wetu tukajikuta tumerejea katika nchi ambayo baadhi yetu tulikuwa tukiisikia kwa masimulizi tu. Tulikuja na mikono inayojua kupika. Lakini mkono uliozoea hewa ya bahari, ukifika katika mji huu ulio kati ya milima na mchanga, hauna budi kufunzwa upya.

MAJI NDIYO MWANZO

Bibi wa nyumba akilalamika kwamba maharage yake hayaivi, asiyalaumu maharage peke yake, atazame maji kwanza. Maji ya visima na ya falaj hupita katika mawe na huchukua chokaa ndani yake. Chokaa hiyo hulikaza ganda la maharage, na hata ukichochea moto mchana kutwa, punje hubaki ngumu. Siku hizi mji wetu unapata pia maji ya bomba kutoka Sur, yaliyotolewa chumvi ya bahari, nayo ni laini zaidi. Lakini wako wengi wanaopikia maji ya kisima, na dawa yake ni hii:

Roweka maharage, mbaazi au kunde usiku kucha katika maji mengi yenye chumvi kijiko kimoja cha supu. Asubuhi yamwage maji hayo, osha, kisha injika kwa maji mapya. Yakiwa bado yana ukaidi, tia magadi ya kupikia, robo ya kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya maharage, wala usizidishe, ukizidisha yatakuwa na ladha ya sabuni. Tungule, ukwaju na ndimu usivitie mpaka yameshalainika, kwani ukali nao huyakaza. Na maharage mekundu yasipikwe kwa moto mdogo tangu mwanzo. Yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, maana yakiwa nusu mabichi yana sumu ya kumtapisha mtu.

Birika likijenga ukoko mweupe ndani, changanya siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha saa moja, kisha suuza mara mbili tatu. Chokaa itatoka yenyewe pasi na kukwangua.

NAZI YA KUNUNUA

Unguja tulichagua nazi kwa kuitazama mti wake. Hapa nazi yatoka Salalah, ambako minazi inaota vizuri, au yaja kwa meli kutoka Bara Hindi, na mpaka ikufikie imeshasafiri sana. Kabla ya kuinunua itikise karibu na sikio. Isiyokuwa na maji ndani iache dukani. Tazama macho yake matatu: yakiwa na ukungu au unyevu, ndani imeoza. Ukishaivunja inuse, na uonje kipande, kabla hujaikuna yote.

Mbuzi ya kukunia wengi wetu tunayo bado, lakini vijana hawaikalii. Hapana ubaya. Ikate nazi vipande vidogo, itie katika mashine ya kusagia pamoja na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, si ya moto, saga, kisha kamua kwa kitambaa safi. Hilo ndilo kasimile. Rudisha chicha katika mashine, ongeza vikombe viwili vya maji, saga tena, kamua. Hilo ndilo tui jepesi. Yatie katika vyombo mbali mbali, na usiyachanganye.

Anayetumia nazi ya unga aikoroge kwanza kwa maji machache ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji laini, ndipo aongeze maji. Akiumwagia maji mengi mara moja utafanya madonge. Na ya kopo itikiswe sana kabla ya kufunguliwa.

Katika kupika, mchuzi uive kwa tui jepesi, na kasimile liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, chungu kikiwa wazi, na mwiko usipumzike mpaka litokote. Ukilifinika na kuliacha likatutumka, litakatika. Ndimu itiwe baada ya kuepua. Na jambo kubwa la hapa: tui lililokamuliwa asubuhi katika joto la Juni halifiki adhuhuri. Likikaa nje ya friji litachacha. Kamua kiasi cha kupika, na lililobaki ligandishe katika vikombe vidogo, ukitaka mchuzi utoe kimoja.

WALI

Mchele wetu wa kule ulikunywa tui jingi. Basmati ya hapa ni jamaa mwingine, ukimpa kipimo kile anageuka bokoboko. Uoshe mpaka maji yatoke meupe safi, uroweke nusu saa, uchuje. Kwa vikombe viwili vya mchele ulioroweka, vikombe vitatu vya tui lililopunguzwa ukali vyatosha, pamoja na chumvi. Tui lichemke kwanza huku unakoroga, kisha mchele uingie. Maji yakikauka juu, teremsha moto, na kwa kuwa hatuna tena makaa ya kupalia juu ya kifiniko, weka tawa la chapati chini ya sufuria ili moto usiunguze, ufinike vizuri kwa dakika 15. Anayependa mkoko wa chini ataupata hivyo hivyo.

Wali uliobaki si wa kuachwa juu ya meza mpaka jioni. Nalisema hili kwa msisitizo, maana siku za joto, ambapo hewa hupita digrii 40, nimeona nyumba nzima imelala kwa matumbo kwa sababu ya sinia moja la biriani ya mchana. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukipoa polepole, huamka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata ukiupasha moto mara ya pili. Kwa hivyo wali wa kubaki uutandaze katika sahani pana upoe upesi, na kabla ya saa moja kupita uwe ndani ya friji. Haya ni muhimu zaidi siku za harusi na za msiba, pale vyakula vinapokaa nje vikingoja wageni.

UNGA NA HAMIRA

Mwenye kupika mahamri kwa kipimo cha Unguja atashangaa hapa mara mbili. Wakati wa kiangazi unga ulioumuliwa hufura kabla hujamaliza kuosha vyombo, na ukichelewa huwa na ukali wa kuchacha. Wakati wa Januari, usiku wa mji wetu una baridi, unga hulala kama jiwe.

Kiangazi tumia nusu ya hamira uliyozoea, na ukande kwa tui lililotoka katika friji. Ukitaka mahamri ya asubuhi, kanda usiku, finika, weka ndani ya friji. Utaumuka polepole na ladha ya hiliki itaingia vizuri zaidi. Majira ya baridi tui liwe vuguvugu, na bakuli likae karibu na jiko. Kipimo changu ni vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, kikombe kimoja cha tui zito (ongeza kidogo kidogo ikihitajika), hiliki iliyopondwa, na hamira kijiko kimoja na nusu cha chai majira ya baridi. Kiangazi hamira iwe nusu yake.

Na kumbuka kwamba hewa yetu ni kavu. Unga katika hewa kavu hunywa maji zaidi, na madonge ya chapati hufanya ngozi juu mara yakiachwa wazi. Yafinike kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Ndugu zetu wa Sur, walio chini ya saa moja kwa gari lakini wako kando ya bahari, watahitaji maji machache kidogo kwa unga ule ule. Ndiyo sababu wifi wawili hugombana juu ya kipimo kimoja na wote wawili wakawa wana haki.

SAMAKI MKAVU

Katika hili hatukuwa wageni. Papa mkavu tuliyemjua Darajani ndiye huyu huyu anayeuzwa katika masoko ya Oman kwa jina la awal, na dagaa wa hapa, anayeitwa qasha, ni ndugu wa dagaa wetu. Majahazi ya Sur yalikuwa yakienda na kurudi Afrika ya Mashariki kwa pepo za msimu, na samaki mkavu na tende vilikuwa katika shehena. Basi chungu cha papa ni chungu cha nyumbani pande zote mbili.

Mroweke usiku, ubadilishe maji mara mbili. Asubuhi mmwagie maji ya moto sana, umkwangue ngozi kwa kisu mpaka mchanga wote utoke, kisha umchambue. Mpike kwa tui, bizari, thomu na pilipili. Embe mbichi na mbilimbi si rahisi kupatikana kila siku, lakini ndimu kavu ya Oman, ile nyeusi, ikitobolewa na kutiwa nzima katika mchuzi, hutoa ukali mzuri sana, nami sasa naipenda kuliko mbilimbi. Itoe kabla ya kupakua ili isilete uchungu.

Muhogo ukipatikana, mbichi au wa kugandishwa, umenye vizuri na uupike mpaka uive. Na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu bila ya kufinikwa, maana kibichi kina sumu. Hili bibi zetu walilijua bila ya kufundishwa na daktari.

VUMBI, WADUDU NA MTUNGI

Upepo ukitoka upande wa mchanga wa Sharqiyah, unaoitwa na wengi Wahiba, hakuna dirisha litakalouzuia. Usifagie vumbi kwa ufagio mkavu, utalihamisha tu kutoka sakafuni kwenda kwenye vyombo. Pangusa kwanza kwa kitambaa kilicholowa, kutoka juu kuja chini. Vyombo vya kulia vifudikizwe, na viungo viwekwe katika chupa za kufunga, mbali na jiko na jua. Karafuu, hiliki na pilipili manga viweke vizima, usage vya wiki moja tu, kwani viungo vilivyosagwa hupoteza harufu upesi mno katika joto hili.

Mchele na unga unaoingia fukufuku, utie katika mfuko uliofungwa, uuweke katika friji ya kugandisha siku nne. Wadudu na mayai yao hufa. Kisha uhifadhi katika pipa lenye kifiniko cha kubana.

Kuna kitu kimoja ambacho hapa kinafanya kazi kuliko Unguja, nacho ni mtungi wa udongo. Maji hupenya katika udongo, yakifika nje hukaushwa na upepo, na yakikauka huondoka na joto la yale yaliyomo ndani. Unguja hewa imejaa unyevu, kwa hivyo mtungi hukausha polepole. Al Kamil hewa ni kavu, na mtungi ulioning'inizwa kivulini penye upepo hutoa maji baridi yanayoburudisha koo kuliko ya friji. Usiupake rangi wala usiuweke katika sahani ya plastiki. Uoshe kila wiki kwa maji na chumvi, bila ya sabuni, maana udongo huinywa.

Na neno moja la hatari. Usiku wa baridi watu hupenda kuingiza seredani ya makaa chumbani, ama kwa kuota moto ama kwa kufukiza udi. Makaa yanapoungua hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Chetezo cha udi kipitishwe na kitolewe. Seredani isilale na mtu chumba kimoja hata dirisha likiwa na upenyo.

CHUNGU KIMOJA, MIKONO MIWILI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika nyumba zetu nyingi siku hizi mama mkwe amezaliwa ng'ambo na mkaza mwana amezaliwa hapa, au kinyume chake. Mmoja anapika kwa nazi, mwingine kwa samli na tende. Nimesikia, na nyinyi mmesikia, maneno ya kuumiza: huyu hajui kupika, hiki si chakula chetu, huyu ni wa kule. Maneno ya chungu huishia katika nyoyo, na nimeona ndugu waliokaa miaka bila ya kula sinia moja kwa sababu yake.

Tujiulize, chakula chetu ni kipi? Muhogo, mahindi, mbatata, tungule na pilipili zetu asili yake ni bara la Amerika, zilivuka bahari baada ya Wareno. Karafuu tunayojisifia asili yake ni visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Mkate wa ajemi jina lake lasema ulikotoka. Bokoboko ndilo harisi la hapa, kaimati ndizo luqaimat, na mishikaki inachomwa Oman siku za Idi kwa jina hilo hilo. Nyama ya shuwa, inayozikwa shimoni kwa siku nzima na zaidi, hupakwa viungo, na karafuu ni mojawapo. Kwa hivyo anayesema hiki changu na kile chako hajatazama ndani ya chungu.

Basi mama mkwe amfundishe mkaza mwana kasimile, na mkaza mwana naye amfundishe mama mkwe kuchemsha tende za mabsli, kazi ambayo watu wa Sharqiyah wameirithi kwa wazee wao. Ajifunze pia kutandaza mkate mwembamba wa rakhal juu ya chuma cha moto kwa kiganja. Anayejua viwili ni bora kuliko anayejua kimoja.

Na la pili ni hili. Mabibi zetu walipika kwa kadiri. Ukimuuliza bibi, tui kiasi gani, atakwambia kiasi. Chumvi? Mpaka ikolee. Walipima kwa kibaba, na vibaba viwili walijua ni kisaga, na vinne ni pishi. Lakini zaidi walipima kwa jicho, kwa pua na kwa sauti ya mafuta. Elimu hiyo haimo katika kitabu. Kila mwaka katika kurasa hizi tunaandika majina ya waliotutoka, na kila jina moja la bibi limeondoka na vipimo vyake. Wajukuu zetu wengi Kiswahili chao kimebaki kidogo, na aghalabu maneno ya mwisho wanayoyajua ni haya ya jikoni: mwiko, upawa, kawa, chicha, kasimile. Yakiondoka haya, sijui litabaki lipi.

Kwa hivyo nawaomba vijana, wake kwa waume, kwani mwanamume pia hula: nenda ukakae na bibi yako siku anayopika. Chukua kikombe, mizani na karatasi. Kabla hajatia unga, upime unga. Baada ya kumaliza, upime uliobaki. Tofauti yake ndiyo kiasi. Usimkatize, usimwambie apike polepole, wala usimsahihishe. Andika na majina ya vyombo kama anavyoyataja yeye. Akisema kitu kwa Kiarabu, kiandike kwa Kiarabu. Akisema kwa Kiswahili, kiandike kwa Kiswahili. Kisha pika wewe mbele yake, umpe aonje, na akisema bado, uanze tena.

Vipimo hivyo vikikusanywa, kila familia iwe na daftari lake, na nakala iletwe kwa wenye kukusanya kitabu hiki ili ichapwe mwaka ujao, Inshallah. Si lazima kiwe chakula kikubwa. Uji wa mwezi wa Ramadhani watosha, au mchuzi wa dagaa, au chai ya maziwa ya bibi fulani ambayo nyumba nzima inaijua.

Nawatakia nyumba zenye moto wa kheri na sinia zisizopungua watu wa kuzizunguka. Wassalaam.